Kuagiza gari la umeme kutoka nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu forodha

Maswali haya ni yale wanayoyarudia waagizaji wa magari ya umeme, awe anayenunua gari moja la familia au anayeleta shehena nzima. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali. Viwango vya ushuru hubadilika kila bajeti inaposomwa, kwa hiyo takwimu za nchi zilizotajwa humu zinaonyesha namna mfumo unavyofanya kazi. Za nchi unakolipeleka gari, zithibitishe huko huko.

## Kabla hujalipa hata amana

1. Kuagiza gari la umeme kuna tofauti gani na kuagiza la petroli?

Njia ni ile ile: ankara, hati ya shehena, tamko la forodha, malipo, ukaguzi, usajili. Tofauti kubwa iko kwenye betri. Betri ya lithiamu hulifanya gari lihesabike kuwa bidhaa hatari likiwa safarini (swali la 14), hubeba sehemu kubwa ya thamani ya gari lililotumika, na pengine si mali ya anayekuuzia hata kidogo (swali la 10).

Kisha kuna suala la asili. Nchi kubwa zinagombana kwa ushuru juu ya magari haya, na magari mawili yanayofanana kama shilingi kwa ya pili yanaweza kutozwa viwango vinavyoachana mbali kwa sababu tu yametoka viwanda tofauti (swali la 11). Programu na mfumo wa kuchaji navyo vina sheria zake (maswali ya 18 na 19), ingawa hivyo huumiza zaidi baada ya gari kutoka bandarini kuliko kabla.

2. Nianze kutafuta gari au kutafuta kanuni?

Kanuni, bila mjadala. Muuzaji wa nje hana wajibu wa kujua kama gari lake linaruhusiwa unakolipeleka, na ile bei ya kuvutia mtandaoni mara nyingi ni ya gari ambalo soko fulani limelifungia mlango. Uliza kikomo cha umri, upande wa usukani, viwango vya usalama vinavyokubalika (swali la 17), na kama kuna kibali au cheti cha ukaguzi kinachotakiwa gari likiwa bado kwenye nchi linakotoka. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi: cheti cha kabla ya kupakia hakipatikani tena meli ikishatia nanga.

Nchi zinatofautiana sana. Marekani, gari ambalo halikutengenezwa kwa kufuata viwango vya shirikisho vya usalama haliingii kirahisi mpaka litimize miaka 25 tangu litoke kiwandani, na kwa vitendo hilo linayafungia nje takriban magari yote ya umeme ya kisasa yaliyotengenezwa kwa masoko mengine. Ethiopia imeelekea kwingine kabisa: mwaka 2024 ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, ya umeme yakabaki na njia wazi.

3. Nyaraka zipi zinahitajika?

Kwa kawaida ni ankara ya biashara, hati ya shehena, cheti cha asili, bima ya safari, cheti cha ulinganifu cha mtengenezaji au ripoti ya ukaguzi, karatasi za betri, na kwa mtumba, cheti cha kufutwa usajili. Wengi wanazo zote na bado wanakwama, kwa sababu karatasi moja inasema hivi na nyingine inasema vile.

Chukua mstari wa ankara ulioandikwa "gari dogo la umeme, jeupe, 1". Ofisa wa forodha hana la kufanya na mstari huo zaidi ya kuuliza maswali. Mstari unaofaa unataja chapa na modeli, namba ya chesisi, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, nguvu ya mota kwa kilowati, ukubwa wa betri kwa kilowati-saa (kWh) pamoja na kemia yake, idadi ya viti, upande wa usukani, kilomita lilizotembea, sarafu na masharti ya mauzo. Namba hiyo ya chesisi, ambayo kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, iwe ile ile kwenye hati ya shehena na kwenye cheti cha asili. Namba za chesisi hazitumii kamwe herufi I, O wala Q, hivyo ukiona O ujue mtu alikusudia sifuri. Sahihisha kabla meli haijang'oa nanga. Kurekebisha manifesti (orodha ya shehena ya meli) baadaye kunataka barua, ada na kusubiri, na gari linahesabiwa siku bandarini muda wote huo.

4. FOB, CIF au DDP: ipi inanifaa?

Haya ni masharti ya Incoterms, yaani kanuni za kimataifa zinazogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, na toleo linalotumika ni la mwaka 2020. Kwa FOB, hatari inahamia kwako gari likishapakiwa melini, na nauli pamoja na bima ni juu yako. Kwa CIF, muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya kufikia, lakini hatari inahamia kwako pale pale lilipopakiwa. Likiharibika baharini unadai bima, humdai muuzaji. Tena bima anayolazimika kuikata ni ya kiwango cha chini. DDP inamaanisha muuzaji anabeba kila kitu hadi ushuru. Inasikika vizuri, ila mwulize muuzaji ni nani atatajwa kuwa mwagizaji kwenye tamko, kwa kuwa nchi nyingi hazimruhusi asiye na namba ya mlipakodi ya hapo kufungua tamko.

## Uainishaji

5. Msimbo wa HS wa gari la umeme ni upi?

HS ni mfumo wa kimataifa wa namba za kuainisha bidhaa. Gari la abiria linaloendeshwa kwa mota ya umeme peke yake liko 8703.80. Kijifungu hicho kilianza na toleo la HS la mwaka 2017. Basi la umeme ni 8702.40, pikipiki ya umeme 8711.60, lori au pikapu ya mizigo 8704.60, na kichwa cha trela cha umeme 8701.24, hivi viwili vya mwisho vimekuja na toleo la 2022. Vigari vya viwanja vya gofu, hata vikiwa vya umeme, viko 8703.10.

Tarakimu sita za mwanzo ni moja dunia nzima kwa nchi zinazofuata mfumo wa Shirika la Forodha Duniani. Zinazofuata baada ya hapo kila nchi huongeza zake, na ndizo mara nyingi zinazoamua kiwango, kwa mfano kutenganisha gari jipya na mtumba. Kwa hiyo usichukue msimbo wa tarakimu kumi ulioandikwa na muuzaji ukaunakili kwenye tamko lako. Huo ni msimbo wa nchi yake.

6. Gari la haibridi nalo linahesabiwa la umeme?

Hapana. Haibridi ya petroli isiyochomekwa ni 8703.40, ya dizeli 8703.50. Zinazochajiwa kwa kuchomekwa ni 8703.60 kwa petroli na 8703.70 kwa dizeli. Misamaha ya magari ya umeme mara nyingi huishia 8703.80, na hapo ndipo kishawishi cha kuita haibridi "umeme" kinapozaliwa.

Ugumu uko kwenye magari yenye injini ndogo ya petroli isiyozungusha magurudumu, bali inazalisha umeme tu wa kurefusha safari. Tangazo la muuzaji litayaita ya umeme. Maneno ya vijifungu yanazungumzia injini na mota zote mbili kuwa "za kuendeshea gari", na watu wamebishana kama jenereta inaingia hapo. Mimi nisingelipakia gari la namna hiyo kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka forodha (swali la 8).

7. Nikilileta likiwa vipande, nitalipa ushuru wa vipuri?

Si kwa kulifungua tu. Kanuni ya jumla ya 2(a) ya kufasiri HS inasema bidhaa isiyokamilika, au iliyofunguliwa vipande, huainishwa kama kamili ikiwa tayari ina sura na tabia ya msingi ya ile kamili. Gari lililotolewa magurudumu na betri likawekwa kwenye kontena moja bado ni gari. Viwanda vya kuunganisha magari hupata viwango vya chini kwa sababu nchi husika imewawekea mpango maalumu, wenye leseni na masharti yake. Betri ya lithiamu inayoletwa peke yake, kama kipuri, ni 8507.60, na usafirishaji wake una masharti makali kuliko ya gari zima (swali la 15).

8. Nifanyeje kama sina uhakika na msimbo?

Omba uamuzi wa awali. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa WTO (Shirika la Biashara Duniani), ulioanza kutumika 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe uamuzi wa maandishi kuhusu uainishaji na asili kabla bidhaa haijafika. Katika Umoja wa Ulaya uamuzi wa uainishaji hudumu miaka mitatu na unaifunga forodha ya kila nchi mwanachama, pamoja na wewe mwenyewe. Jibu lisilokupendeza huwezi kulikalia kimya. Maombi yaambatane na maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji, maana picha za tangazo hazitoshi.

## Thamani, asili na kiwango

9. Ushuru unakokotolewa juu ya bei gani?

Mkataba wa uthaminishaji wa WTO una njia sita zinazofuatana, na ya kwanza ni bei uliyolipa au utakayolipa kweli kwa bidhaa iliyouzwa kuja nchi hiyo. Nchi nyingi huongeza nauli na bima hadi mpakani, yaani CIF. Marekani hutumia thamani isiyo na nauli ya kimataifa. Amana uliyotuma mapema ni sehemu ya bei. Kifurushi cha programu ya kujiendesha ulichokinunua pamoja na gari ni sehemu ya bei. Fedha ulizomlipa mtu mwingine kwa niaba ya muuzaji nazo ni sehemu ya bei.

Kosa la kawaida ni kujumlisha asilimia. Tuchukue thamani ya CIF ya 20,000 na viwango vya kubuni: ushuru wa forodha 10%, ushuru wa bidhaa 5%, VAT 20%. Ushuru wa forodha ni 2,000. Ushuru wa bidhaa, kwa nchi nyingi, hutozwa juu ya 22,000, kwa hiyo ni 1,100. VAT inatozwa juu ya 23,100, nayo ni 4,620. Jumla ni 7,720, sawa na 38.6% ya thamani, wakati aliyejumlisha asilimia alitenga 35%. Tofauti ya 720 humkuta mtu akiwa ameshamaliza akiba.

10. Bei inaonyesha "bila betri". Ina maana gani?

Ina maana betri imekodishwa. Renault Zoe nyingi za Ulaya ziliuzwa hivyo: mnunuzi alinunua gari, kisha akalipia betri kila mwezi kwa kampuni ya fedha ambayo ndiyo mmiliki. Nchini China, NIO nayo huuza magari kwa mpango wa kukodi betri. Gari la namna hiyo likiuzwa mtumba bila mkataba wa betri kumalizwa, muuzaji anakuuzia bodi, na betri anayokukabidhi ni ya watu.

Kwa forodha kuna matatizo mawili. Thamani: umeingiza gari lenye betri, na bei ya ankara haina betri, hivyo ofisa ana kila sababu ya kuikataa. Umiliki: kuipeleka betri nje ya nchi bila ridhaa ya mwenyewe ni kuvunja mkataba, na baadhi ya mikataba humruhusu mmiliki kuzuia betri isichajike kwa mbali. Kabla ya kulipa, dai barua ya kampuni ya fedha inayosema betri imenunuliwa na mkataba umefungwa, ikitaja namba ya chesisi. Maneno ya muuzaji kwamba "hiyo imeshaisha" hayatoshi.

11. Kwa nini gari la China linatozwa zaidi kuliko gari la chapa hiyo hiyo lililotengenezwa kwingine?

Kwa sababu forodha huangalia nchi ya asili. Nembo haina uzito hapo, wala bandari lilikopakiwa. Umoja wa Ulaya, kuanzia 30 Oktoba 2024, uliweka kwa miaka mitano ushuru wa kufidia ruzuku kwa magari ya abiria ya umeme mtupu yanayotengenezwa China, juu ya ule wa kawaida wa 10%. BYD ilipangiwa 17.0%, Geely 18.8%, SAIC 35.3%, na Tesla za Shanghai 7.8%. Haibridi za kuchomeka hazikuguswa. Marekani nayo ilipandisha hadi 100% ushuru wake wa ziada kwa magari ya umeme ya China tangu 27 Septemba 2024.

Kwa hiyo Tesla ya Shanghai na Tesla ya Berlin, kwa forodha, ni bidhaa mbili tofauti. Dokezo la haraka ni herufi ya kwanza ya namba ya chesisi: L ni China, J Japani, K Korea Kusini, W Ujerumani. Ni dokezo tu. Uthibitisho ni cheti cha asili.

12. Nikilipitisha nchi ya tatu, asili inabadilika?

Haibadiliki. Kushushwa bandarini, kubandikwa lebo au kubadilishiwa matairi hakulipi gari uraia mpya. Asili hubadilika panapofanyika kazi ya maana ya utengenezaji, kwa vigezo vya nchi inayopokea. Kutangaza asili ya uongo ili kukwepa ushuru wa ziada ni kosa linaloweza kufika mahakamani.

Asili ya upendeleo, ile inayokupa nafuu chini ya mkataba wa biashara huria, ina masharti magumu zaidi. Mkataba wa Uingereza na Umoja wa Ulaya ni mfano mzuri: kanuni kali za asili ya betri na magari ya umeme zilipaswa kuanza mwanzoni mwa 2024, zikasogezwa hadi mwisho wa 2026 kwa sababu viwanda vya betri vya pande zote mbili havikuwa tayari. Gari lililokidhi kigezo mwaka huu linaweza kushindwa mwakani bila skrubu moja kubadilika.

13. Nimesikia magari ya umeme yamesamehewa ushuru. Nilipe chochote?

Soma msamaha wenyewe, kwa namba ya msimbo. Mara nyingi unagusa ushuru wa forodha na kuacha VAT, au unagusa magari mapya na kuacha mitumba, au una tarehe ya mwisho. Uliza pia ni tarehe gani inayohesabika. Katika nchi nyingi ni ya kusajiliwa kwa tamko, si ya kununua gari wala ya kupakia. Na kama msamaha unaombwa, uombe gari likiwa bado baharini.

## Betri na safari

14. Kwa nini wakala wa meli anauliza gari lina chaji asilimia ngapi?

Kwa sababu gari lenye betri ya lithiamu ni bidhaa hatari ya daraja la 9. Kwa miaka mingi lilisafirishwa chini ya namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari, UN 3171. Kanuni za kusafirisha bidhaa hatari baharini, ziitwazo IMDG, toleo la 42-24, zimeyapa magari ya lithiamu-ioni namba yake, UN 3556, na toleo hilo limekuwa la lazima tangu 1 Januari 2026. Magari ya betri za sodiamu-ioni yana UN 3558. Wakala akikuletea fomu ya zamani kwa gari la lithiamu, irudishe.

Juu ya kanuni hizo, kampuni za meli huweka masharti yake: kikomo cha chaji, kukataa magari yaliyogongwa, hata kukataa mitumba. Zina sababu. Februari 2022 meli Felicity Ace iliwaka moto karibu na visiwa vya Azores na hatimaye kuzama ikiwa na magari takriban 4,000. Julai 2023 Fremantle Highway iliwaka kwenye pwani ya Uholanzi ikiwa na magari karibu 3,800, yapata 500 kati yake yakiwa ya umeme, na baharia mmoja akafariki. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa kuanzishwa na gari la umeme, lakini bima za meli hazikusubiri uthibitisho.

Mwulize msafirishaji kikomo chake kwa maandishi. Gari lililojazwa 100% kwa nia njema linaweza kuachwa gatini.

15. UN 38.3 ni nini?

Ni mfululizo wa majaribio ambayo kila aina ya betri ya lithiamu inapaswa kuyapita kabla ya kusafirishwa: shinikizo la chini, joto, mtikisiko, kishindo, shoti na mengineyo. Tangu 1 Januari 2020 mtengenezaji anatakiwa kuutoa muhtasari wa majaribio anapoombwa. Kwa gari jipya zima, kwa kawaida hutaulizwa. Kwa betri inayosafiri peke yake, yaani UN 3480, bila muhtasari huo hakuna msafirishaji makini atakayeipokea.

16. Naweza kuagiza gari lililopata ajali nilitengeneze?

Kwa gari la petroli, wengi hufanya hivyo. Kwa la umeme, fikiria mara mbili. Betri iliyoharibika, au inayoshukiwa kuharibika, ina masharti maalumu ya ufungashaji baharini na hairuhusiwi kwenye ndege. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye betri, moto unaweza kuzuka baada ya wiki nyingi. Kwa hiyo gari la mafuriko lisikuvutie kwa bei yoyote. Tena nchi inayopokea inaweza kulihesabu kuwa taka na si bidhaa, na hapo Mkataba wa Basel kuhusu usafirishaji wa taka hatari unaingia. Gari lililokataliwa kwa msingi huo hurudishwa lilikotoka kwa gharama za aliyelileta.

## Viwango, plagi na programu

17. Cheti gani cha usalama kinakubalika?

Dunia imegawanyika mara mbili. Nchi zinazofuata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1958 hutambua idhini ya aina ya gari kwa kanuni zake: R100 kwa usalama wa umeme na betri, R138 kwa sauti ya kuwatahadharisha waenda kwa miguu, R155 kwa usalama wa mtandao, na R156 kwa usasishaji wa programu. Marekani, mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe na kubandika lebo. Idhini ya upande mmoja haitoshi upande wa pili.

Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la China hufuata viwango vya taifa vya China, vya GB, hata kama pacha wake wa kuuzwa nje ana idhini ya UN. Omba cheti cha ulinganifu cha namba ya chesisi yako hasa. Cha modeli kwa ujumla hakikusaidii.

18. Plagi isiyolingana inaweza kulizuia gari forodhani?

Mara chache, ila baadhi ya mamlaka za viwango hutaka mfumo fulani. Gari la soko la China lina soketi ya GB/T, la Ulaya CCS2, la Marekani CCS1 au NACS, na baadhi ya ya Kijapani CHAdeMO. Adapta za chaji ya polepole ni rahisi. Za chaji ya haraka ni suala jingine, kwa sababu gari na chaja hubadilishana ujumbe kabla umeme haujapita, na adapta mbovu hupata moto. Gari la soko la Marekani, kwa kawaida, huchaji kwa fezi moja tu hata likichomekwa kwenye chaja ya fezi tatu.

19. Programu ya gari nayo ni suala la uagizaji?

Imekuwa. Kanuni ya Marekani ya Januari 2025 inazuia magari yenye programu za mawasiliano au za kujiendesha zenye uhusiano na China au Urusi kuanzia modeli ya mwaka 2027, na vifaa vya mawasiliano kuanzia modeli ya 2030. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia 18 Februari 2027, betri za magari ya umeme zinazoingizwa sokoni lazima ziwe na pasipoti ya kidijitali.

Kwa mnunuzi wa kawaida, shida ni ndogo na za kuudhi: skrini ya Kichina isiyobadilika, ramani za nchi nyingine, akaunti ya mmiliki wa kwanza ambayo bado inaweza kufungua milango. Sharti la kuifuta akaunti hiyo liandikwe kwenye mkataba.

## Mitumba na hali zisizo za kawaida

20. Gari "mtumba la kilomita sifuri" ni halali?

Ni gari jipya lililosajiliwa China kisha likauzwa nje kama lililotumika, mara nyingi nje ya mtandao rasmi wa mtengenezaji. Lenyewe si haramu, lakini dhamana inaweza isitambuliwe, na forodha inaweza kukataa kulithaminisha kama mtumba. China yenyewe imebana: tangu 1 Januari 2026 inataka leseni ya kusafirisha nje magari ya abiria ya umeme mtupu. Mwombe muuzaji nakala ya leseni kabla ya amana.

21. Umri unahesabiwa kwa mwaka upi?

Kuna mwaka wa kutengenezwa, mwaka wa modeli na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na sheria huchagua mmoja. Wengi husoma alama ya kumi ya namba ya chesisi, ambapo P ni 2023, R ni 2024 na S ni 2025. Hiyo ni ya mwaka wa modeli, tena ni ya lazima kwa magari ya Amerika Kaskazini. Watengenezaji wa Ulaya si lazima waifuate. Gari la modeli ya 2024 linaweza kuwa limetengenezwa 2023. Ukikaribia kikomo, pata barua ya mtengenezaji yenye mwezi.

22. Nahamia nchi nyingine. Naweza kwenda na gari langu bila ushuru?

Mara nyingi ndiyo, kwa masharti. Umoja wa Ulaya hutaka uwe umeishi nje yake angalau miezi 12 mfululizo na umelitumia gari angalau miezi sita, kisha usiliuze kwa miezi 12. Msamaha huo ni wa ushuru. Viwango vya swali la 17 vinabaki pale pale. Kwa ziara ya muda, tumia karneti (hati ya kimataifa ya kuingiza gari kwa muda) au utaratibu wa uingizaji wa muda, na ulitoe gari kabla ya siku kwisha.

## Mambo yakikwama

23. Forodha imekataa thamani niliyotangaza. Nina haki gani?

Forodha ikiwa na shaka, inaweza kutaka ushahidi zaidi: uthibitisho wa uhamisho wa benki, mawasiliano na muuzaji, orodha ya bei. Chini ya mkataba wa WTO una haki ya kuelezwa sababu za shaka, kupewa nafasi ya kujibu, kupata uamuzi kwa maandishi, na kukata rufaa bila adhabu. Mkataba huo pia hukuruhusu kulitoa gari kwa dhamana wakati thamani inabishaniwa. Iombe mapema, kwa sababu ada za kuhifadhi na demareji (tozo ya kuchelewesha mzigo bandarini) hazisimami kwa ajili ya mabishano. Kama bei ilikuwa ya chini kwa sababu ya kweli, mathalani betri imechakaa, leta ripoti ya afya ya betri ya siku za mauzo. Iliyopimwa baada ya ubishi kuanza haina uzito huo.

24. Gari limefika, lakini halifunguki wala halisogei. Limekufa?

Karibu kila mara ni betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoendesha kufuli za milango na swichi zinazounganisha betri kubwa na gari. Ikiisha nguvu baada ya wiki kadhaa baharini, betri kubwa inaweza kuwa na chaji ya kutosha na bado mlango usifunguke, breki ya maegesho isiachie, na winchi ikalivuta gari likiwa limefunga magurudumu. Matairi huisha, na mota huweza kuharibika.

Kabla halijapakiwa, muuzaji aliweke kwenye hali ya usafirishaji, ile inayozima mawasiliano na kamera. Aeleze pia kwa maandishi mahali pa kupitishia umeme wa nje wa kufungulia boneti. Baadhi ya modeli huficha nyaya mbili nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Mpe wakala wako maelezo hayo. Wafanyakazi wa bandari wakikosa njia watatumia nguvu, na madai ya uharibifu huo huchukua miezi.

25. Nimegundua tamko langu lilikuwa na kosa baada ya gari kutoka. Nifanyeje?

Jitokeze mwenyewe, kwa maandishi, kabla ukaguzi haujaanza. Forodha nyingi hupunguza au kufuta adhabu kwa anayejieleza mapema, na kulipa tofauti ya ushuru pamoja na riba ni nafuu kuliko faini. Usimwachie wakala: kwa nchi nyingi mwagizaji ndiye anayewajibika kwa yaliyoandikwa, hata kama aliyeandika ni mtu mwingine.

Tunza faili zima. Marekani hutaka kumbukumbu zikae miaka mitano, Umoja wa Ulaya isipungue mitatu. Weka humo pia barua ya betri ya swali la 10 na ripoti ya afya ya betri, kwa kuwa siku ukiliuza, mnunuzi atakuuliza hayo hayo.